Kwa nini senti hamsini iliitwa thumuni?

WAZEE wa pwani, na wengi wa bara waliozaliwa kabla ya uhuru, huiita sarafu ya senti hamsini thumuni. Wapo wanaotamka sumuni, lakini neno ni lile lile. Mtu aliyefilisika walisema hana hata thumuni mfukoni. Hakuna cha ajabu hapo mpaka ufungue kamusi. Humo utaambiwa kwamba thumuni ni sehemu moja kati ya nane. Sasa, senti hamsini ni nusu ya shilingi. Thumuni ya shilingi ni senti kumi na mbili na nusu. Iweje basi nusu ikaitwa thumuni?

Msomaji mwenye pupa atasema wazee walikosea, na kwa kuwa katika safu za lugha tumezoea kuhukumu kwamba hili ndilo na lile silo, atatarajia nimalizie hapo. Mimi nashikilia kwamba wazee hawakukosea hata chembe. Walichofanya ni kuhifadhi katika neno moja hesabu ambayo sisi tumeisahau. Na kusahau huko, kwa maoni yangu, ndiko kunakowafanya watoto wetu wazikariri akisami kama kasuku na kuzichukia kama shubiri.

Hebu tuanze na fedha zenyewe. Katika karne ya 19, biashara ya Zanzibar, Mombasa na Lamu ilitumia riale, sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka wa 1780 uliogongwa juu yake hata ilipotengenezwa miongo mingi baadaye. Riale ilikuwa kubwa mno kwa matumizi ya kila siku, kwa hiyo watu walihesabu kwa vipande vyake: nusu ya riale, robo ya riale, thumuni ya riale. Hapo thumuni ilikuwa thumuni kwelikweli, yaani moja ya nane.

Kisha ikaja rupia ya Kihindi, iliyoletwa na wafanyabiashara na baadaye utawala wa Waingereza. Kampuni ya Imperial British East Africa hata ilitoa rupia yake mwaka wa 1888, yenye jina la Mombasa. Riale moja ilibadilishwa kwa rupia mbili na ziada kidogo. Piga hesabu: ikiwa riale ni rupia mbili, thumuni ya riale ni thumuni mbili za rupia, yaani robo rupia. Watu wa soko hawakuwa na haja ya kubadilisha jina. Kiasi walichozoea kukiita thumuni kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni sarafu iliyokipima. Thumuni ikawa robo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliiondoa rupia. Mwaka wa 1920 ililetwa florini iliyolingana na rupia, na mwaka wa 1921 ikaletwa shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi mbili kwa kila florini. Piga hesabu tena: robo ya shilingi mbili ni senti hamsini. Thumuni ya riale, iliyokuwa robo ya rupia, sasa ikawa nusu ya shilingi. Jina halikuondoka. Moja ya nane ya riale, moja ya nne ya rupia na moja ya pili ya shilingi zilikuwa kitu kimoja mkononi mwa muuza samaki.

Ukilitazama neno thumuni kwa namna hii, utaona linafundisha jambo ambalo ndilo kiini cha elimu nzima ya akisami: hakuna thumuni tupu. Kuna thumuni ya kitu. Robo ya tikiti maji ni kubwa kuliko nusu ya ndimu, na hakuna mtoto atakayebisha. Lakini mwandikie mtoto huyo huyo ubaoni moja juu ya nne na moja juu ya mbili, usimwambie ni za nini, uone anavyohangaika.

Wala thumuni si neno pekee la fedha lenye akisami ndani yake. Rupia iligawanywa kwa ana 16, na kila ana kwa pesa nne. Kwa hiyo pesa, neno tunalolitaja kila tunapotuma au kupokea chochote kwa simu, lilikuwa jina la sehemu moja ya 64 ya rupia. Senti nayo ni moja ya mia. Ushuru, tozo inayotukosesha wengi usingizi, linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa ushuri, yaani moja ya kumi. Asili ya ushuru ni kutoa fungu moja kati ya kumi. Leo kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya ni asilimia 16, ambayo imekaribia sudusi, moja ya sita. Neno limebaki kwenye kumi. Tozo limeondoka zamani.

Tumeshataja ushuri na sudusi. Orodha kamili tunayofundishwa shuleni ni hii: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Ni maneno tisa, kuanzia moja ya pili hadi moja ya kumi, kisha kimya. Kwa nini Kiswahili hakina neno moja la kutaja moja ya kumi na moja? Wapo wanaodhani ni upungufu wa lugha yetu. Sivyo. Tuliazima orodha nzima kutoka Kiarabu, na Kiarabu chenyewe huishia hapo hapo. Wanahisabati wa kale wa Kiarabu waliziita akisami zisizotamkika kwa neno moja "viziwi". Moja ya kumi na moja waliitaja kwa maelezo: sehemu moja kati ya sehemu kumi na moja, kama tufanyavyo sisi. Nyingine walizitamka kwa kuziunganisha zile tisa. Katika karne ya 10 mjini Baghdad, Abu al-Wafa al-Buzjani aliwaandikia makarani na wafanyabiashara kitabu cha hesabu chenye mafunzo ya namna hiyo. Moja ya kumi na mbili, kwa mfano, inaweza kusemwa nusu ya sudusi.

Neno akisami lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugawa, ule ule uliotupa kitenzi kukasimu, kama katika kukasimu madaraka. Jambo la kuvutia ni kwamba Waarabu wenyewe, katika hesabu, hutumia zaidi neno kasr, yaani kilichovunjika. Walatini nao waliitoa istilahi yao kwenye kitenzi cha kuvunja, na ndiyo iliyofika katika Kiingereza. Waswahili wakachagua neno la kugawana. Sijui kama kuna namna bora ya kumfafanulia mtoto akisami kuliko hiyo: si kitu kilichovunjika, ni kitu kilichogawanywa sawasawa.

Isidhaniwe kwamba watu wa mwambao walisubiri Waarabu wawafundishe kugawa. Tazama vipimo vya nafaka. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Kwa maneno mengine, kisaga ni nusu ya pishi, na kibaba ni robo yake. Yule aliyesema haba na haba hujaza kibaba alikuwa akizungumzia kujaza robo ya pishi. Tazama pia vipimo vya urefu: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Shibiri basi ni thumuni ya pima. Nguo nayo ilikwenda kwa shuka na doti, na hadi leo kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, kila kipande kikiwa nusu ya doti.

Mfumo huu wote ni wa kukata mara mbili mbili, na unatosha kabisa kwa soko. Nusu, nusu ya nusu, nusu ya nusu ya nusu. Hauhitaji kalamu. Lakini mfumo wa mbili mbili hauwezi kukupa theluthi, au thuluthi kama wengi tuandikavyo. Mkate ukatwe nusu kwa nusu mchana kutwa, hutapata mafungu matatu yaliyo sawa. Penye ndugu watatu panahitajika hesabu nyingine.

Hesabu hiyo ilistawi hasa kupitia mirathi. Sheria ya Kiislamu imetaja mafungu sita ya urithi: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Mama wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi. Mabinti wawili au zaidi wasio na ndugu wa kiume hupata thuluthi mbili. Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake kilitupa neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi. Kwa hiyo anayedhani akisami ni mchezo wa darasani, ajue kwamba zilinolewa katika majadiliano ya nani apate nini baada ya mazishi.

Chukua kisa mashuhuri kinachosimuliwa kumhusu Ali bin Abi Talib. Inasemekana aliulizwa akiwa juu ya mimbari: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Tuzijumlishe. Ili kuzijumlisha lazima tupate mafungu ya aina moja, na fungu linalozikubali zote ni moja ya 24. Thumuni ni mafungu 3 kati ya 24. Thuluthi mbili ni 16. Sudusi ni 4, na sudusi nyingine ni 4. Jumla ni 27. Mafungu 27 yatatoka vipi katika kitu chenye mafungu 24?

Jibu lililopokewa kutoka kwake ni fupi: thumuni ya mke imegeuka tusui. Yaani, mali isigawanywe kwa 24 bali kwa 27, kila mmoja abaki na idadi yake ya mafungu, na upungufu uwaguse wote kwa uwiano. Mke ana 3 kati ya 27, ambayo ni moja ya tisa. Tuseme mali ni ya shilingi 2,700,000. Mke atapata 300,000 badala ya 337,500 ambazo thumuni kamili ingempa. Mabinti watapata 1,600,000 kwa pamoja, na kila mzazi 400,000. Jumlisha uone: hakuna shilingi iliyobaki na hakuna iliyopungua. Njia hii, inayoitwa aul, wanazuoni wa Kisunni waliikubali, wakiwemo wa madhehebu ya Kishafii yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, Mashia hawakuikubali. Vyovyote iwavyo, mjane asiyejua tofauti kati ya thumuni na tusui hawezi kujua kama amepunjwa au ametendewa haki. Na mahakama za kadhi, zinazotambuliwa na ibara ya 170 ya Katiba yetu, zingali zinashughulikia masuala ya mirathi ya Waislamu wanaoyafikisha huko.

Sasa turudi shuleni, maana huko ndiko ninakoona tatizo. Tangu Kiswahili kifanywe somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, akisami zimekuwa sehemu ya msamiati wa shule ya msingi. Mtoto anazikariri pamoja na majina ya wafanyakazi, makazi na nomino za makundi. Anaulizwa, "Andika tatu juu ya nane kwa maneno." Anajibu, "Thumuni tatu." Anapata alama, basi. Kengele inalia, mwalimu wa hisabati anaingia, na mtoto yule yule anafundishwa akisami zile zile kwa Kiingereza, kana kwamba ni wageni asiowahi kuwaona. Katika somo la kwanza ana majina yasiyo na hesabu. Katika la pili ana hesabu isiyo na majina anayoyajua.

Matokeo yake? Mwambie ajumlishe moja juu ya mbili na moja juu ya tatu. Wengi watajumlisha vilivyo juu, wajumlishe vilivyo chini, wapate mbili juu ya tano. Kwa Kiswahili, wamesema kwamba nusu na thuluthi ni humusi mbili. Hebu fikiri kidogo: humusi mbili hazifiki hata nusu. Ulikuwa na nusu mkate, ukaongezewa thuluthi, eti sasa una pungufu ya nusu! Mama muuza maandazi hawezi kudanganywa hivyo.

Angefundishwa kwa majina angeona njia. Nusu ni sudusi tatu. Thuluthi ni sudusi mbili. Sudusi tatu na sudusi mbili ni sudusi tano, kama maembe matatu na maembe mawili yalivyo maembe matano. Kile ambacho vitabu vya Tanzania hukiita kigawe kidogo cha shirika si uchawi. Ni kutafuta jina moja litakalovifaa vitu vyote viwili kabla ya kuvihesabu pamoja. Huwezi kujumlisha embe na ndizi mpaka uziite matunda.

Kutoa ni vivyo hivyo, na saa imetufundisha tangu utotoni. Tunaposema saa tatu kasorobo tunatoa robo kutoka saa tatu kamili, na mtoto wa darasa la pili anajua hizo ni dakika ngapi. Kuzidisha ndiko rahisi zaidi, kwa kuwa Kiswahili kina kiunganishi cha kuzidishia: ni lile neno dogo "ya". Nusu ya nusu ni robo. Nusu ya robo ni thumuni. Nusu ya thuluthi ni sudusi. Kila "ya" hapo ni alama ya kuzidisha, na mtoto haoni tena ajabu kwamba jibu limekuwa dogo kuliko alivyoanza navyo. Kugawanya je? Uliza tu: zimo robo ngapi katika nusu? Mbili. Basi nusu ukiigawanya kwa robo unapata mbili. Yale mambo ya kupindua akisami ya pili juu chini na kuzidisha, ambayo wengi wetu tuliyameza bila maelezo, hapa yana maana.

Jirani zetu wa Tanzania walilazimika kuwa na istilahi za kazi hii, kwa kuwa Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zao za msingi mwaka wa 1967. Nambari ya juu katika akisami huiita kiasi, na ya chini huiita asili. Ukilijua hilo, neno asilimia linajifungua lenyewe: ni akisami ambayo asili yake ni mia. Sisi tunalitumia neno hilo kila siku katika taarifa za habari, ilhali shuleni hatumwonyeshi mtoto mshono wake.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watoto. Nawajibu kwamba watu wazima wanalipa gharama. Mtu akinunua ploti Kitengela au Juja huambiwa ni thumuni ya ekari, ingawa dalali atalitaja kwa Kiingereza. Ploti yenyewe huwa ni futi 50 kwa futi 100, yaani futi za mraba 5,000. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Pengo ni futi za mraba 445. Kila anayelipia thumuni na kupimiwa 50 kwa 100 amekosa takriban moja ya kumi na mbili ya alicholipia. Nusu ya sudusi, angesema karani wa Abu al-Wafa, na angeandika.

Katika siasa pia tumeona. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa asasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Thuluthi mbili ya 349 ni 232 na ziada, kwa hiyo jinsia moja isizidi 232 na nyingine isipungue 117. Ni kwa kukosa kutunga sheria ya kutimiza akisami hiyo ndipo mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa, na hesabu ile ingali inadaiwa.

Sipendekezi kwamba hisabati yote ihamishiwe Kiswahili kesho asubuhi. Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji bajeti. Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha akisami, asiishie kwenye orodha; awape wanafunzi vibaba, vipande vya chapati, saa na ramani ya ploti, wazijumlishe na kuzigawa kwa majina yake. Mwalimu wa hisabati naye asione haya kusema sudusi tatu na sudusi mbili. Wazazi walio na mzee nyumbani wamwombe awaeleze watoto thumuni ilinunua nini enzi zake.

Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zinaanzia shilingi moja. Senti hamsini haimo. Kizazi kijacho hakitaishika thumuni mkononi. Kitabaki na neno peke yake, na mtoto atakapolitamka, swali la kumwuliza ni moja tu: thumuni ya nini?